Bendera juu ya bashe ya Papa: namna tulivyopaka rangi Peugeot 504 hapa Kapata



Tangu mwezi wa saba watu wananisimamisha ku barabara: "Ile bashe ya bendera ya ku Kapata ni ya nani? Mulifanya namna gani?" Ni ya Papa. Mimi ni lisansie wa agronomia, sina diplome yoyote ya magari, lakini ile kazi niliifuata siku kwa siku nikiwa na daftari mkononi. Leo ninaeleza yote, pamoja na makosa yangu, juu makosa njo yalikula makuta mingi kuliko rangi.

Gari lenyewe

Papa alikuwa mfanyakazi wa Gécamines. Mwaka 2003, ule mpango wa Départs Volontaires ulipopita, wafanyakazi 10.655 walitoka ku kampuni, na Papa alikuwa mu ile hesabu. Mimi nilikuwa na miaka sita. Kwa sehemu ya ile makuta alinunua Peugeot 504 bashe, ya dizeli, ya mkono wa pili. Miaka kumi na sita ilibeba mahindi, makala, bibi-arusi, na mara nyingine maiti ya jirani. Shule yangu ililipwa na ile gari. Mwaka 2019 injini ikakataa, ikabaki nyuma ya nyumba, kuku zikaanza kutaga ku kiti cha dereva.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, Mjomba alikuja na mtu wa mitraye, wale wanaonunua chuma kwa kilo. Alikuwa na kamba na mizani tayari. Papa hakubisha. Aliingia ndani, akafunga mlango. Nilielewa kama tukiuza ile gari kwa kilo, tunauza na ile miaka yake yote kwa kilo. Nikamwambia mtu wa mitraye arudi na mizani yake.

Ndiyo ilikuwa pia ile mwezi wa kwanza M23 iliingia Goma. Mwenzangu wa promosheni ni wa kule, na siku kadhaa hakupata sauti ya mama yake ku simu. Alipompata, alikuja kwetu, akaikala chini ya mwembe, akaangalia ile bashe, akasema: "Kama itafufuka, ivae bendera." Tukakubaliana: iwe tayari tarehe 30 mwezi wa sita, siku ya uhuru, miaka 65.

Si sisi wa kwanza

Kazi ya namna hii Wamarekani wanaiita hotirodi. Ilianza California kabla ya Vita Kuu ya Pili: vijana wasio na makuta walichukua magari ya zamani, zaidi Ford, wakatoa vyuma vya bure ili yawe mepesi, wakatia injini yenye nguvu, wakashindana ku maziwa yaliyokauka. Kisha vita askari walirudi na ufundi wa kuchomelea na kutengeneza injini, na rangi ikawa sehemu ya heshima ya gari. Gari la mtu maskini, lakini kila mtu anageuka kuliangalia.

Upande wetu huu wa Afrika kuko ndugu yake: matatu za Nairobi, zenye kupakwa picha na taa na muziki, hata serikali ilipozilazimisha mwaka 2004 kuvaa mustari wa manjano. Hapa Kolwezi ni moto za bamanseba zenye bendera ku gadibu, na malori yenye maandishi. Basi sisi hatukuanzisha kitu. Tulifuata njia, paka kwa uangalifu zaidi.

Bendera gani?

Hapa njo palitoka maneno ya kweli mu familia. Mjomba, yeye aliyetaka kuuza, aliposikia tunapaka, akasema kama ni kupaka, basi tupake nyekundu, nyeupe na kijani, na misalaba mitatu ya shaba. "Shi tuko bana Katanga?"

Vijana wengi wanaona ile rangi ku fulana na hawajui uzito wake. Ni bendera ya Katanga ya Tshombe, iliyojitenga tarehe 11 mwezi wa saba 1960. Na mwisho wa ile safari ulikuwa hapa hapa: Kolwezi ndio mji wa mwisho, jeshi la Umoja wa Mataifa liliingia tarehe 21 mwezi wa kwanza 1963. Mpaka leo ukiitembeza barabarani, mtu hawezi kuona pambo; ataona siasa.

Papa alijibu kwa sauti ya chini. Mwaka 1978 alikuwa kijana wa miaka ishirini, hapa Kolwezi, vita ilipoingia mji mwezi wa tano. Alisema: "Ule mustari mwekundu wa bendera, mi niliuona na macho. Usiniambie rangi."

Kila mtu akanyamaza. Mama njo alitupatia njia. Alisema ule musalaba wa shaba ulikuwa makuta ya batata mbele ya bendera yote, mbele ya Tshombe, mbele ya wazungu. Na ni kweli: ku makaburi ya zamani ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wamechimbua misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na watu karne nyingi zilizopita. "Muiweke ndani ya gari," Mama alisema. "Inje ni inchi, ndani ni nyumba." Mjomba alikubali, na akasema musalaba wenyewe atauleta yeye.

Sasa bendera ya inchi. Usipake kwa kukumbuka kichwani, juu Kongo imebadilisha bendera mara mingi. Ile ya 1960 ilikuwa na nyota kubwa katikati na ndogo sita upande wa mti. Kuanzia 1963 ukaja mustari mwekundu. 1971 ikawa Zaire, kijani na mkono wenye mwenge. 1997 tukarudia nyota saba. Ya leo iko mu Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha kwanza kabisa: bluu ya mbingu, nyota ya manjano juu upande wa kushoto, na mustari mwekundu unaokata kwa mshazari, wenye ukingo mwembamba wa manjano. Bluu ni amani, nyekundu damu ya mashahidi, manjano utajiri, nyota ni mwangaza wa kesho na umoja. Angalia "bluu ya mbingu": duka la kwanza walitupatia bluu nzito ya ovaroli, tukairudisha.

Kutayarisha: udongo kwanza, mbegu kisha

Ku agronomia tulifundishwa: usipande mbele ya kutengeneza udongo. Gari ni vile vile. Nusu ya makuta yetu ilienda mahali hakuna mtu anaona.

Kwanza injini, breki na taa. Usipake gari lisilosimama, maana rangi nzuri juu ya breki mbovu ni jeneza lililopambwa. Kisha tolie alikata vyuma vilivyooza ku sakafu na chini ya milango, akachomelea vipya. Kutu ni sawa mzizi wa majani mabaya: ukikata ya juu, inarudi. Uikwangue mpaka chuma king'ae.

Baadaye mastiki ku mabonde, nyembamba, isizidi milimeta chache, juu ikiwa nene inapasuka barabara ikitikisa. Halafu kusugua na papiyeveri: namba 80, kisha 180, kisha 320. Namba ikipanda, karatasi inakuwa laini. Ndipo inakuja rangi ya kwanza ya kushika chuma, ile ya kijivu, na kusugua tena kwa maji na namba 600.

Hapa njo kosa langu. Kapo ilikuwa na rangi ya zamani ya mafuta, Papa aliipaka kwa burashi zamani. Ilionekana ngumu na safi. Fundi alisema tuitoe yote. Mimi, kwa kuhurumia makuta, nikasema: "Achia, tusugue tu juu." Tulipopuliza rangi mpya, dakika kumi haikufika, kapo yote ikajikunja sawa ngozi ya mtu aliyeungua na maji moto. Diliya kali ya rangi mpya ilikuwa imeingia mu rangi ya mafuta ya chini na kuiamsha. Tulikwangua mpaka chuma, tukaanza upya. Siku nne na rangi lita moja zimepotea.

Kwa hiyo, jaribio rahisi: lowesha kitambaa na diliya, kiweke juu ya rangi ya zamani dakika chache. Kama rangi inayeyuka au inajikunja, itoe yote. Usibishane na kitambaa.

Shaba yetu ndani ya kopo

Niliposubiri kapo ikauke, nilisoma kidogo kemia ya rangi, na hapo nilicheka peke yangu. Bluu nyingi ya magari duniani, tangu miaka ya 1930, inatoka ku pigimenti moja inayoitwa ftalosianini ya shaba. Katikati ya kila molekuli kuko atomu moja ya shaba. Ndiyo, shaba. Bila ile atomu, bluu si ile. Mafundi wanaiongeza nyeupe, njo inakuwa bluu ya mbingu.

Na kobalti? Bluu ya kobalti, ile ya wachoraji, imejulikana tangu mwaka 1802, lakini ni ya bei kwa kupaka gari. Hata hivyo kobalti inaingia kwa mlango mwingine: rangi nyingi za mafuta, sawa ile ya Papa ku kapo, zinatiwa chumvi kidogo ya kobalti ili zikauke haraka. Bila yake ungengoja siku nyingi na mavumbi yote ya Kapata yangelala pale.

Fikirieni vile. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu Kongo, na kubwa yake ni hapa Lualaba. Kila siku malori yanapita yakienda Kasumbalesa. Kile kinachorudi ni kopo yenye kuandikwa lugha nyingine, na tunailipa kwa dola. Bendera yetu wenyewe tunaipaka na shaba ambayo imesafiri bahari mbili kabla ya kurudi. Sisemi hii kwa kulia. Ninawaambia bakemia walio mu hii promosheni: kuko kazi pale.

Mpangilio wa rangi

Watu wanafikiri unaanza na bluu, kisha unachora nyota juu. Hapana. Manjano ni rangi dhaifu, haifuniki bluu vizuri, inatoka kijani-kijani. Fundi wetu alifanya hivi:

1. Nyeupe pahali pote ambapo nyota na mustari vitapita, kisha manjano juu yake, pana kuliko inavyohitajika.
2. Ikakauka usiku mzima. Akabandika skochi nyembamba kufuata kingo mbili za mustari, na akakata skochi pana kwa umbo la nyota.
3. Nyekundu kati ya zile kingo.
4. Ikikauka, anafunika nyekundu na karatasi na skochi.
5. Bluu gari lote, safu tatu nyepesi, dakika kumi na tano kati ya safu.
6. Anatoa skochi rangi ikiwa bado changa, polepole, akiivuta kwa kuikunja nyuma. Ile wakati watoto wa kartye yote walikuwa wamejaa ku ukuta, na nyota ilipotoka walipiga makelele sawa Les Léopards wametia bao.
7. Mwisho vernis mbili, ile ya kuchanganya na dawa ya kugandisha.

Nyota yenyewe usiichore kwa jicho. Piga duara kwa kamba na msumari, ugawe 360 kwa 5, kila ncha iko digrii 72 kutoka ku nyingine. Unganisha ncha moja na ya tatu yake, basi.

Pistole ikae sentimeta 15 mpaka 20 mbele ya chuma, na mkono utembee sambamba na mlango, usizunguke sawa unafagia. Mwezi wa sita hapa kwetu hakuna mvua, lakini usiku baridi ni kali na mchana mavumbi ya malori. Tulipuliza kuanzia saa nne ya asubuhi mpaka saa nane, ndani ya hema la shitingi, na chini tulimwaga maji ili mavumbi yalale.

Na afya, tafadhali. Ile dawa ya kugandisha iko na isosianati, inaweza kuharibu mapafu na kukuachia pumu ya maisha. Kitambaa ku pua hakisaidii kitu. Tafuta maski inayoletewa hewa safi kwa mpira. Manjano na nyekundu za bei rahisi zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usisugue kavu, na watoto wakae mbali. Hapa Kolwezi mapafu yetu tayari yanavuta vya kutosha.

Upande wa kuume

Kosa la pili pia ni langu. Nilimpa fundi picha ya bendera ku simu. Mlango wa kushoto akapaka vizuri: nyota mbele, karibu na kapo. Mlango wa kuume akafuata picha ile ile, na nyota ikaenda nyuma. Kuko kitu kilikuwa hakikai sawa, lakini hatukujua ni nini.

Papa njo aliona. Alizunguka gari mara mbili, akasema: "Huku inaenda mbele. Huku inarudia nyuma." Ni kweli. Bendera imefungwa ku mti, na mti ndio unatangulia; kitambaa kinafuata na upepo. Gari likienda mbele, upande wenye nyota lazima uwe mbele, kushoto na kuume. Kwa hiyo ku mlango wa kuume bendera inageuzwa sawa mu kioo, na mustari mwekundu unaanzia chini mbele, unapanda kuelekea nyuma. Ndege nyingi zinapakwa vile, na askari wa Amerika wanaivaa vile ku bega la kuume. Tulirudia ule mlango. Siku tatu zingine.

Ndani

Nilitaka viti vyenye bendera nzima. Papa alikata maneno: "Mwana, juu ya bendera batu habaikalaka." Akawa na haki. Ukipenda kitu, usikiweke chini ya matako. Tukachukua skai ya bluu nyepesi, yenye mshono wa manjano tu. Ku dari Mama alitoa kitenge alichokuwa amekiweka tangu arusi ya dada yangu.

Kichwa cha vitese ni malakiti. Papa alikuwa na jiwe lake tangu zamani za kazi. Fundi wa mawe alilitoboa na kulizungusha, na muhimu: alikata kwa maji. Vumbi la malakiti ni vumbi la shaba, usilivute. Jiwe lilikuwa na mustari mweusi mahali pamoja, tukauacha uonekane.

Ku tablo kuko sahani ya shaba iliyopigwa nyundo, kazi ya mafundi wa Lubumbashi, na katikati yake ule musalaba. Mjomba alitimiza ahadi. Aliufua mwenyewe, kwa waya za shaba za zamani, na mkono mmoja ni mfupi kidogo kuliko mingine. Hakuna mtu aliyemwambia.

Barabarani

Mambo matatu mafupi. Angalia karatasi za gari: kama rangi imeandikwa pale, nenda ukaibadilishe mbele ya kutoka, usingoje rulaje ikuulize. Usipake kichwa cha chui na mkuki wa serikali, wala usitie taa ya bluu juu, maana wewe si gari la Jamhuri, wewe ni raia mwenye kuipenda. Na uioshe. Bendera yenye matope ni matusi ambayo hukukusudia.

Tarehe 30 ilifika, vernis ikiwa na siku mbili tu. Papa alivaa kofia yake ya zamani ya kazi, akawasha. Injini ilikohoa, ikashika. Tulizunguka Kapata polepole, tukaenda mpaka mjini. Ku kona moja polisi alisimamisha. Alizunguka gari lote sawa Papa alivyozunguka, akauliza: "Muzee, ni nani alikupatia ruhusa ya kupaka hivi?"

Papa alifikiri kidogo. "Mwana, mi nilitumikia hii inchi chini ya udongo miaka makumi mbili. Ruhusa iko pale ndani."

Polisi aliangalia tablo, akaona musalaba. Akasema tu: "Taa ya nyuma ya kushoto haiwake," na akatuachia. Ilikuwa kweli haiwake. Tuliitengeneza kesho yake.

Mwenzangu wa Goma alipanda nyuma safari yote, amesimama, mkono juu ya kabini. Hakusema kitu. Tulipofika nyumbani alitoa simu, akapiga picha ya mlango wa kuume, ule tuliorudia, akaituma kwa mama yake.

Leo ile bashe inatumika. Njo inabeba mbegu zangu na mbolea, na kabichi zinaporudi kutoka shambani. Ku karoseri kuko mkwaruzo mmoja tayari, wa kreti ya tomati. Papa aliuona, akapita na kidole, akasema: "Muzuri. Sasa ni gari."

Bandugu, mu kiwanja cha wazazi wenu mara nyingi kuko kitu kimesimama namna ile: gari, mashini ya kushona, muti wa zamani wa kahawa. Mbele ya kuita mtu wa mizani, muulize kwanza muzee kilibeba nini. Na mukianza kazi, mutoe rangi ya zamani yote, mpaka chuma.